Njia ya Wapagazi, Kodi ya Miezi Sita

Mtaala mpya umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na kwa kweli nimelipokea kwa furaha. Walimu wa kwetu Tabora wameanza kuulizana historia hiyo waianzie wapi wakiwa kijijini. Mmoja wao, anayefundisha Lusu wilayani Nzega, alinipigia simu akitaka nimwelekeze yalipo maandishi ya zamani juu ya eneo lake, yawe ya Wajerumani au ya Waingereza, ili watoto wasome habari za babu zao. Nikamwambia yapo, na raia anaruhusiwa kuyasoma. Yako Dar es Salaam, Upanga, katika Kumbukumbu za Taifa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa dada, huko mtu analala wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Swali hilo niliishi nalo muhula mzima nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya historia, na tangu simu ile ikatike kumbukumbu za muhula huo zimekuwa zikinijia moja baada ya nyingine.

Nilikuwa nasoma katika chuo kikuu kimoja cha Dodoma. Mwaka wa kwanza tulikaa darasani. Muhula uliofuata kila mmoja alikwenda uwandani kukusanya data. Wenzangu wengi walikwenda vijijini. Mimi, mtoto wa kijijini, uwanda wangu ukawa jiji. Nilipopita nyumbani Lusu kuaga, wazee walistaajabu. Unaondoka Lusu kwenda Dar es Salaam kusoma habari za Lusu? Mjomba wangu alirudia swali hilo mara kadhaa, na kila mara lilikuwa swali la haki.

Watu wa mbali wakiisikia Nzega hukumbuka dhahabu, kwa sababu ya mgodi wa Golden Pride uliokuwa jirani na kwetu. Mimi nilivutwa na kitu cha zamani zaidi. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakatiza Ugogo hadi Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, na kutoka hapo ikaendelea Ujiji. Tawi moja lilielekea kaskazini hadi Ziwa Victoria, kupitia nchi yetu. Mvumbuzi Speke alilifuata Julai 1858, akitoka Kaze, palepale Unyanyembe, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa amefika Mwanza. Vitabu vya shule vinamtaja yeye. Nilitaka kuwajua waliombebea mizigo, na zaidi ya hapo nilitaka kujua wajukuu wao walibeba nini baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na misafara ya miguu kufifia. Wengi walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Hiyo ndiyo ilikuwa mada yangu.

Nilifikia kwa shangazi Manzese. Shangazi alikuwa na chumba na sebule, na watoto wanne. Alinipokea kama mwanawe, akanitandikia mkeka sebuleni, na hakuna siku aliyonionyesha kwamba nimemzidishia mzigo. Lakini kazi ya nyaraka ina sehemu yake ya usiku. Ukishanakili mchana, usiku lazima uyapange uliyonakili, uyasome upya, uandike maswali ya kesho, na ukilala nayo kichwani bila kuyaandika, asubuhi mengi yamepotea. Katika sebule ya watu sita yenye televisheni moja jambo hilo halikuwezekana. Nikaanza kutafuta chumba.

Dalali alinizungusha Magomeni. Chumba kilichonifaa kilikuwa shilingi elfu sitini kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja juu yake kwa ajili ya dalali. Jumla laki nne na elfu ishirini, kabla hujanunua godoro wala jiko. Fomu ya bajeti ya utafiti niliyojaza chuoni ilikuwa na mafungu ya nauli, kurudufu, uchapaji na kalamu. Fungu la mahali pa kulala halikuwemo. Aliyeitunga alichukulia kwamba kila mtafiti ana ndugu mjini mwenye chumba cha ziada, au baba mwenye uwezo.

Mwenzangu mmoja wa darasani, kijana wa Kigoma, alikuwa na akili kunishinda. Alitaka kuandika juu ya masoko ya Ujiji enzi za Wajerumani, na majalada aliyoyahitaji yalikuwa Dar es Salaam. Alipiga hesabu ya kodi na chakula akaona haiwezekani, akabadili mada ili afanye kazi akiwa hukohuko Dodoma. Alifaulu vizuri. Lakini kazi aliyoitamani kuhusu Ujiji haikuandikwa. Tunazungumza sana juu ya nani aliyeiandika historia ya Afrika, mgeni au mwenyeji. Tunazungumza kidogo mno juu ya mwenyeji yupi anayemudu kukaa miezi minne karibu na majalada.

Mimi niliokolewa na jambo ambalo sikulitarajia. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizaramo, mtu mzima, mjane. Wakati dalali anaendelea kuhesabu miezi, mama yule aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Nzega. Akapiga kofi, akacheka kwa sauti hadi wapangaji wakatoka vyumbani. "Kumbe mtani wangu! Mnyamwezi wewe, babu yako alikuja pwani na pembe za watu, akarudi na kaniki, leo umefuata nini?" Nikamjibu kwamba nimefuata deni la babu. Utani ukachanganya pale uani, na ulipokwisha akamwambia dalali kwamba mtani atalipa mitatu mitatu.

Nilikuwa nimesoma darasani kwamba utani baina ya makabila ya bara na ya pwani ulikomazwa na njia ya misafara. Wanyamwezi walipita katika nchi za watu wengi, wakahitaji maji, chakula, mahali pa kulala na mtu wa kuwazika wanapofia njiani, na utani ukawa namna mojawapo ya kuyapata hayo bila vita. Niliyasoma hayo kama jambo lililopita. Pale Magomeni nikapunguziwa mzigo wa kodi kwa makubaliano waliyoanzisha watu waliokufa zaidi ya karne moja iliyopita.

Baadaye nilifiwa na baba mdogo, na habari ilinifikia jioni. Mama yule aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, akaketi kitandani, akamtania marehemu na ukoo wetu wote mpaka nikacheka huku nalia, akanilisha kwa mkono, kisha akapita chumba kwa chumba kuchangisha nauli ya basi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Maelezo ya vitabuni juu ya jambo hili ni sahihi, lakini uzito wake niliujua usiku ule.

Asubuhi za kawaida nilipanda mwendokasi Magomeni, nikashuka kituo cha Fire, nikatembea kwa miguu kuingia Upanga. Chumba cha kusomea kilikuwa kimya. Unaacha mkoba nje, unaingia na penseli na karatasi, unajaza fomu ya kuomba jalada, unasubiri. Watumishi wa pale walinifundisha mengi kuliko nilivyotegemea, hasa namna ya kutafuta wilaya yangu mahali ambapo jina lake halikutajwa: katika majalada ya kodi, ya kazi, ya malale, ya barabara.

Majalada ya Wajerumani yalinipa shida kwa mwandiko wake, ule wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Lakini yana habari moja iliyonisisimua. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pwani iliposhambuliwa, Wajerumani waliyahamisha makao ya serikali yao kwenda bara, hatimaye Tabora. Nyaraka zao nyingi walikwenda nazo, na nyingine zikafukiwa ardhini hukohuko Tabora kabla Wabelgiji hawajautwaa mji Septemba 1916. Baada ya vita zikafukuliwa. Karatasi nilizokuwa nazifungua Upanga kwa vidole viwili, kwa hofu ya kuzichana, huenda zililala kwenye udongo wa mkoa wangu. Mwalimu wa Lusu anaposema maandishi yetu yako mbali, nakumbuka kwamba yaliwahi kuwa karibu.

Majalada ya Waingereza niliyasoma kwa urahisi, na urahisi wenyewe ulinichosha moyo. Taarifa za mabwana shauri, watawala wa wilaya, zimejaa watu wa kwetu, ila wamejaa kama hesabu: wanaume wenye nguvu za kufanya kazi, walipa kodi, wasiolipa, waliokwenda mashamba ya mkonge, waliotoroka. Machifu wana majina. Wamisionari wana majina. Mtu aliyebeba mzigo hana jina. Baada ya majuma ya kazi hii nilikuwa na daftari lenye tarakimu nyingi na sikujua niulize nini tena.

Chumba cha kusomea hufungwa mapema, na mchana uliobaki nilikuwa nao mimi na jiji. Mwanzoni niliuhesabu kuwa muda wa kupoteza. Sikuwa na pesa za kwenda popote, basi nikawa natembea. Nilipita kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Kila mtu mjini anaijua ile bunduki yenye singe. Wachache husimama kusoma maandishi yaliyo chini yake, na yanawataja pia wapagazi waliolihudumia jeshi. Askari amechongwa kwa shaba, mpagazi amepewa mstari. Kutoka pale nikaendelea hadi Kariakoo, eneo ambalo Waingereza walilitumia kuwaweka wapagazi wa kikosi chao cha uchukuzi baada ya kuuteka mji, na ambalo limebaki na jina la kikosi hicho mpaka leo.

Ni Kariakoo nilikopata swali langu. Nilikuwa nimesimama kivulini naongea na mama kwa simu, nikamwamkia kwa lugha yetu, "Mwangaluka." Sauti nyuma yangu ikaitikia. Alikuwa mwanamume wa makamo, ameketi juu ya mkokoteni mtupu. Alitoka kijiji cha upande wa Bukene. Tulizungumza, na siku zilizofuata nikarudi, mara nyingine nikinunua chai ya wote, nikawa naketi na kundi lao.

Alinieleza maisha yake bila kuombwa sana. Hushuka mjini baada ya mavuno. Hubeba marobota ya mitumba na mabunda ya vitambaa kutoka kwenye magari hadi madukani, hadi ghorofa ambako mkokoteni haupandi. Mvua za kwanza zikisikika nyumbani, anarudi kulima. Kundi lao lina mzee wao, ambaye hakuchaguliwa kwa karatasi. Yeye ndiye anayepatana bei na wenye maduka, anayejua mzigo upi ni wa watu wawili na upi wa wanne, na anayeamua mgonjwa alipwe nini. Mwenye mali akikataa kutoa pesa ya kula kabla ya kazi kubwa, mzee hutikisa kichwa na mizigo inawekwa chini. Hawagombani naye. Wanaondoka tu, na mwenye mali anabaki na lori lake barabarani.

Nilirudi Upanga nikiwa mtu mwingine. Wapagazi wa karne ya 19 nao waliondoka Unyamwezi wakati wa kiangazi na kurudi kulima. Walibeba kilo thelathini hivi kila mmoja, wengine zaidi, walilipwa vitambaa vya merikani na kaniki, na walikuwa na kirangozi wao, aliyekwenda mbele ya msafara na ambaye tajiri yeyote, awe Mwarabu au Mzungu, alilazimika kupatana naye. Nikaomba tena majalada niliyokwisha kuyasoma. Safari hii kila palipoandikwa kwamba watu wametoroka, nilitafuta kilichotangulia katika barua za kabla yake: posho iliyocheleweshwa, mzigo ulioongezwa, mkataba uliorefushwa. Mara nyingi kilikuwepo, mbele ya macho. Waliokuwa wakihesabiwa kuwa watoro walikuwa wameweka mizigo chini baada ya makubaliano kuvunjwa. Sura nzima ya tasnifu yangu ilitoka hapo. Wanahistoria wengine wameandika kwa upana juu ya wapagazi kuwa wafanyakazi waliojua thamani ya kazi yao, na niliposoma vitabu vyao baadaye nilifurahi kukuta tumekutana. Lakini mimi jambo hilo nilionyeshwa kwanza na mbeba mizigo wa Kariakoo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba majalada yakishapigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta, mwanafunzi hana haja tena ya kwenda mjini. Picha zipigwe, tena upesi. Nilichosoma mchana katika jiji hilo, hata hivyo, hakipo kwenye jalada lolote.

Palikuwa pia na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, sehemu yake ya Afrika Mashariki, yenye makaratasi ya Hans Cory, aliyeifanyia kazi serikali ya kikoloni kwa kuandika mila na sheria za watu wa magharibi na kanda ya ziwa. Nilikwenda huko nilipohitaji kusoma juu ya machifu. Nauli ilikuwa ndogo, ila foleni ya Ubungo iliteketeza nusu ya siku, na sikwenda mara nyingi kama nilivyopaswa.

Na nilikwenda Bagamoyo. Misheni ya Wakatoliki pale ilianzishwa mwaka 1868, na ndiko mwili wa Livingstone ulikopelekwa Februari 1874, ukiwa umebebwa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, ukapitia Unyanyembe, kwa miezi mingi ya mwendo. Mwongoza watalii alitusimulia vizuri juu ya aliyebebwa. Katika kundi letu palikuwa na wanafunzi wa sekondari, na binti mmoja akauliza waliombeba walikuwa nani. Mwongozaji aliwataja Chuma na Susi, akaishia hapo. Msafara ule ulikuwa na watu wengi zaidi ya hao, na kati yao walikuwemo waliojua kusoma na kuandika. Jacob Wainwright aliandika shajara ya safari hiyo. Binti aliandika majina mawili kwenye daftari lake. Nilimwongezea la tatu.

Muhula ulipokwisha, kabla ya kurudi Dodoma kuandika, nilikwenda Lusu na madaftari yangu. Niliketi na wazee chini ya mwembe nikawasomea niliyonakili kuhusu vijiji vyetu, kodi, na vijana waliokwenda mkonge. Walisikiliza kwa utulivu mkubwa. Kisha wakaanza kusahihisha. Jina la kijiji kimoja bwana shauri alilisikia vibaya na akaliandika vibaya miaka yote. Wanaume aliowahesabu kuwa wamehama, wazee walisema walivuka mto tu kwenda kulima kwa wakwe zao. Bibi mmoja alisikia mwaka wa orodha ya waliokwenda Tanga, akatulia, akaniambia kaka yake alikuwemo mwaka huo na hakurudi. Akanitajia jina lake na kuniomba niliandike. Nililiandika. Liko katika tasnifu, kwenye ukurasa wa shukrani, kwa kuwa kwenye jalada halikuwa na mahali pa kukaa.

Mkutano ule ulichukua mchana mmoja tu, na ulizisahihisha karatasi za wilaya nzima. Baadhi ya wazee wale wameshafariki. Karatasi ziko salama Upanga na zitaendelea kuwa salama. Watu wanaoweza kusema hapa bwana shauri alikosea wanapungua kila mwaka, na hakuna idara inayowahifadhi.

Kwa hiyo namjibu mwalimu wa Lusu hivi, na ninawajibu pamoja naye wale wenye mamlaka. Vyuo vikuu viweke fungu la makazi katika bajeti ya kila mwanafunzi anayekwenda kufanya utafiti wa nyaraka, tena fungu linaloijua kodi ya miezi sita na dalali wake. Nakala za majalada yanayohusu wilaya za Tabora zipigwe picha na kuwekwa katika maktaba ya mkoa na katika shule za sekondari za Nzega, Urambo, Sikonge na Igunga, ili wazee wasomewe wakiwa hai. Na halmashauri ya wilaya ya Nzega, ambayo hutenga fedha za michezo na za Mwenge kila mwaka, itenge pia fedha za kumkalisha Dar es Salaam kijana mmoja kwa mwaka, muhula mmoja, kwa sharti kwamba akirudi atapita kijiji kwa kijiji na kusoma hadharani alichokipata. Kodi ya chumba, chakula na nauli ya kijana huyo haifiki gharama ya semina moja ya siku tatu hotelini. Waheshimiwa madiwani, liingizeni jambo hili katika bajeti ijayo.